Maji Yaitwayo Hasara

Kusini ya mji wa Moshi, mahali mito ya Kikuletwa na Ruvu (Ruvu ya Kilimanjaro, si ile ya Pwani) ikutanapo na kuwa Pangani, lipo bwawa la Nyumba ya Mungu. Lilijengwa katika miaka ya 1960, na mtambo wake una nguvu ya megawati 8. Huko chini, maji yale yale yalikusudiwa kuzungusha mitambo ya Hale, megawati 21, iliyoanza kazi 1964, na ile ya Pangani Mpya, megawati 68, iliyoanza 1995. Basi tone litokalo katika msitu wa Kilimanjaro lina kazi tatu za umeme mbele yake kabla ya kuingia baharini. Je, mwenye kulihesabia tone kazi hizo amepata kwa hesabu hiyo haki ya kuliita hasara lisipomfikia?

Neno hasara halina budi kutazamwa kwa makini, maana ndilo linalobeba hukumu. Mlimani Wachaga walichimba mifongo zamani kabla ya Wadachi kufika. Mfongo ni mfereji wa udongo uchepushao maji ya mto na kuyafuatisha ubavu wa mteremko mpaka kwenye vihamba. Waliouchimba hawakuwa na chombo cha kupimia ila jicho na uzoefu. Maji yaligawanywa kwa zamu, na asiyetoka siku ya kuzibua mfereji alijua kwamba zamu yake i mashakani. Mfereji wa udongo huvuja. Mhandisi akipima mdomoni mwa mfongo, kisha akapima mwishoni, huona pengo kubwa, na huandika kwamba maji yamepotea. Yamepotelea wapi? Mengine yamenywewa na migomba na mibuni. Mengine yamezama ardhini, na katika nchi ya miamba ya volkano maji yaliyozama juu huweza kutokeza chini kwa njia ya chemchemi. Kilichopotea kwa mpimaji hakikupotea kwa nchi.

Hata hivyo, mwenye mfongo naye asivikwe kanzu nyeupe upesi. Mwaka 1987 yalikamilishwa, kwa msaada wa Japani, mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni, chini ya Moshi. Wakulima walioko juu ya mto Rau walipoona faida ya mpunga, nao wakaulima, wakayachukua maji kabla hayajafika. Sehemu ya mashamba yale ikakosa maji. Hapo hapakuwa na mtambo wa umeme wa kulaumiwa. Aliye juu alitumia ujuu wake, na mkono wa jirani ulikauka vile vile kama ambavyo ungekaushwa na serikali.

Tofauti iko katika karatasi. Sheria ya 1974 ilifanya maji yote kuwa mali ya Jamhuri, na mwenye kuyachepusha akatakiwa haki iliyoandikwa. Shirika la umeme lina makarani wa kuandika. Mfongo una wazee wa kukumbuka. Mbele ya ofisi kumbukumbu hushindwa, si kwa kuwa ni uongo, bali kwa kuwa haina muhuri. Sheria ya 2009 ilijaribu kupanga daraja: kwanza maji ya nyumbani, pili maji ya kuhifadhi mazingira, ndipo mahitaji mengine, umeme ukiwa miongoni mwake.

Daraja hiyo ya pili ilichelewa kufika Kirua. Chini ya bwawa palikuwa na kinamasi kikubwa kilichofurika kwa majira, kikawapa watu samaki na mifugo malisho. Bwawa lilipoyazuia mafuriko, kinamasi kikasinyaa. Waliopanga bwawa hawakuwa waovu. Taifa changa lilihitaji nuru, na hospitali hairidhiki na kibatari. Lakini mafuriko yaliandikwa upande wa maji yasiyotumika, kana kwamba samaki hawakuyatumia.

Leo mizani imebadilika. Bwawa la Julius Nyerere katika Rufiji, ambalo mtambo wake wa kwanza uliwashwa 2024, lina uwezo wa megawati 2,115. Megawati 8 za Nyumba ya Mungu hazifikii nusu ya asilimia moja ya hizo. Kinamasi kilichotolewa kwa ajili ya nuru hiyo kinastahili kurudishwa kwenye hesabu, na watu wa Kirua wanastahili kuulizwa kama bei ile ingali ya haki.