Kazi ya Kuzuia

Katika michezo ya timu wako wanaofunga na wako wanaozuia, na sifa karibu zote huwaendea wale wa kwanza. Je, mtu ambaye kazi yake ni kumzuia mwenzake asifanye vizuri, anafanya jambo jema? Na kama ni jema, tumpime kwa kipimo gani?

Tumchukue Michael Cooper, Mmarekani aliyeichezea timu ya mpira wa kikapu ya Los Angeles Lakers tangu 1978 hadi 1990. Katika uteuzi wa wachezaji wapya alichaguliwa akiwa wa 60, nafasi ambayo wengi wanaoipata hawasikiki tena. Alikuwa mrefu, mwembamba kama ufito, soksi amezivuta mpaka karibu na magoti. Wenzake walikuwa Magic Johnson na Kareem Abdul-Jabbar, na hao ndio waliojaza uwanja. Yeye mara nyingi alianzia benchini, na kwa wastani alipata pointi karibu 9 kwa mchezo. Hata hivyo Lakers walichukua ubingwa mara 5, mwaka 1980, 1982, 1985, 1987 na 1988, naye alikuwamo katika zote.

Kazi yake ilikuwa kumwandama mchezaji hodari wa upande wa pili, na mkuu wa hao alikuwa Larry Bird wa Boston Celtics. Cooper alikaa nyumbani akitazama kanda za michezo ya Bird, ajue anapenda kuupokelea mpira wapi na hugeukia upande gani. Kisha uwanjani alihangaika kila dakika ili Bird aupokee hatua mbili mbali na pale anapopapenda. Nani ataziandika hatua hizo mbili? Tangu msimu wa 1973-74 ligi ya NBA huhesabu mipira iliyoporwa na mitupo iliyopanguliwa, lakini mtupo ambao haukutupwa hauna safu katika jedwali. Walimu wenzetu watatuelewa: daftari la mahudhurio huonyesha mtoto aliyekuja, wala halionyeshi ni nani aliyemshawishi aje.

Huenda msomaji akasema kwamba kuzuia ni kubomoa tu. Wako wazuiaji wa namna hiyo, wanaovuta jezi na kupiga viwiko mwamuzi akigeuka, nasi hatuwatetei. Lakini mzuiaji wa halali humsoma mpinzani wake kwa makini ambayo hata rafiki zake hawana, akamlazimisha kutoa ustadi wake wote. Bird mwenyewe alisema kwamba Cooper ndiye aliyemkaba vizuri kuliko wengine wote. Na hakusema hivyo ili kutafuta udhuru, kwani mwaka 1984 Celtics waliwashinda Lakers katika fainali, ingawa Lakers walilipa mwaka 1985 na 1987. Alisema kama fundi anavyomshuhudia fundi.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Shahidi anayeijua vizuri kazi ya mzuiaji ni yule aliyezuiwa, naye halazimiki kusema neno. Mfungaji ana ubao wa pointi. Mzuiaji ana uungwana wa mpinzani wake. Ni kweli kwamba mwaka 1987 Cooper alichaguliwa mlinzi bora wa ligi, lakini tuzo hiyo yenyewe ilianza kutolewa 1983 tu. Katika Jumba la Mashuhuri wa mpira wa kikapu aliingizwa 2024, miaka 34 baada ya kuondoka Lakers, naye akiwa na umri wa miaka 68. Wako wanaosema kwamba mtu mwema hahitaji sifa. Maneno hayo tumeyasikia mara nyingi, na hasa kutoka kwa watu waliokwisha kusifiwa.

Januari 2025 Lakers waliitundika jezi yake, namba 21, juu katika uwanja wao, pamoja na za Magic na Kareem. Vijana wengi wanaokaa chini yake hawakupata kumwona akicheza.