Jina Takatifu na Kazi Yake

Tukizuru makumbusho ya Fort Jesus, Mombasa, twaona vitu vilivyotolewa baharini kati ya 1977 na 1980. Ni vya Santo António de Tanná, merikebu ya vita ya Wareno iliyozama karibu na ngome hiyo mwaka 1697. Ngome, iliyoanza kujengwa 1593, iliitwa kwa jina la Yesu. Merikebu, kwa jina la mtakatifu. Zote zilikuwa na mizinga. Je, jina takatifu hutakasa kazi? Sivyo, kazi mbaya hulichafua jina. Nasi tulipobatizwa tuliitwa Wakristo. Jirani hasomi cheti chetu cha ubatizo. Hutazama mizani yetu sokoni na ndimi zetu nyumbani. Tusilitumie jina la Bwana kufunika yale asiyotuagiza.