Mbalamwezi na Daftari la Tajiri

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa gizani. Taa huelezwa juu ya maji, samaki wale wadogo huufuata mwanga, na wavu huwazunguka. Zamani taa hizo zilikuwa karabai za mafuta. Siku hizi nyingi hutumia nguvu ya jua. Lakini mwezi unapokaribia kupevuka, nuru yake huenea ziwa zima na taa ya mvuvi hupoteza uwezo wake wa kuita. Hapo vyombo hupandishwa mchangani, katika mialo ya Ukerewe na Kome kama ilivyo kandokando ya Mwanza, na kwa siku kadhaa watu waliokuwa wametawanyika majini huwa pamoja nchi kavu. Hushona nyavu, huziba mitumbwi, na, jambo zito kuliko yote, hufanya hesabu.

Kalenda hiyo haikutungwa na mwajiri yeyote. Yafaa kuitazama, kwani leo ofisi za mjini zimo katika mjadala unaofanana nayo: mtu afanye kazi mbali na wenzake siku ngapi, na siku ngapi akae nao?

Mjadala huo ulipata nguvu mwaka 2020. Tanzania haikuwafungia watu wake majumbani kama zilivyofanya Uganda na Rwanda. Hata hivyo kampuni na mashirika kadhaa, hasa yale yenye makao makuu ng'ambo, yaliwaruhusu watumishi wafanyie kazi nyumbani, na maradhi yalipopungua desturi ile haikuondoka yote. Ikabaki nusu kwa nusu: siku 2 nyumbani na 3 ofisini, au kinyume chake. Swali likawa la kuhesabu siku, ilhali tangu mwanzo lilikuwa swali la haki.

Siku 3 za anayeishi Capri Point hazilingani na siku 3 za anayeamka alfajiri Kisesa kugombea daladala. Mpaka daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, aliyetoka upande wa Sengerema alitegemea kivuko, na saa zake zilikuwa mali ya foleni. Nyumbani nako kuna gharama zake. Aliyepanga chumba kimoja pamoja na watoto hana meza ya kazi, na kifurushi cha intaneti hukilipa kutoka mfukoni mwake. Uhuru unaosifiwa sana katika mjadala huu ni uhuru wa mwenye sebule.

Turudi mwaloni. Mwenye chombo, ambaye wavuvi humwita tajiri, si lazima awemo mtumbwini usiku. Aweza kukaa mjini, akapata bei ya Kirumba kwa simu, na hakuna atakayemlaumu. Ila unapofika wakati wa hesabu mambo hubadilika. Aghalabu gharama huondolewa kwanza, kisha salio hugawanywa baina ya tajiri na wavuvi wake. Daftari lililofunguliwa mbele ya macho ya watu, huku mmoja akiuliza juu ya lita zilizoandikwa usiku ambao chombo hakikutoka, ni kitu kingine kabisa na jumla iliyotumwa kwa ujumbe wa simu. Tajiri asiyetokea ni rahisi kushukiwa, hata hesabu yake ikiwa safi, na shaka hiyo haitokani na ujinga. Anayegawa riziki ya wengine yampasa awe mtu wa kuulizika, na uso ni vigumu kuuzima kama simu.

Ofisi nyingi zimeugeuza mpangilio huo juu chini. Mkubwa huonekana katika kioo cha kompyuta akiwa kwake. Karani ndiye anayetia sahihi kitabu cha mahudhurio. Huambiwa kwamba ameitwa kwa ajili ya ushirikiano. Hufika baada ya saa nzima ya barabara, akaketi peke yake, akazungumza na mkubwa wake kupitia kompyuta ile ile ambayo angeweza kuifungua nyumbani. Mwito wa namna hiyo ni wa kumchunga tu.

Tena kuna kijana mgeni kazini. Majini hujifunza kuvuta wavu kwa kukaa ubavuni mwa aliyemtangulia, na somo lenyewe halina ratiba: huja pale wavu unapokwama. Ofisini nako, namna ya kumkatalia kwa adabu mtu mwenye nguvu, au ya kuandika barua ngumu isiyomdhalilisha anayeipokea, haimo katika mwongozo wowote. Mkongwe anayejichukulia siku zote za nyumbani, akiamini amezistahili kwa miaka yake, amemnyang'anya kijana somo bila kukusudia. Basi wa kwanza kudaiwa kuwapo ni mwenye cheo na mwenye ujuzi, na madai hayo ndiyo yasiyosikika vikaoni.

Yamkini atatokea wa kusema kwamba kazi njema hutaka upweke. Ni kweli. Aniceti Kitereza, kisiwani Ukerewe, alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, na hakuna kikao kilichomwandikia hata sura moja. Aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Lakini ilichapwa mwaka 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Upweke ulimtosha kuandika. Kwa yaliyobaki alihitaji watu, nao walikawia miaka 35.

Wako pia ambao mjadala huu hauwataji. Wanawake wanaoanika dagaa mchangani hawana siku ya kufanyia kazi mahali pengine: wingu likijikusanya, huwa pale pale wakiwakusanya dagaa kabla mvua haijawaharibu. Na Ijumaa, watumishi wote wakiwa makwao na taa za ofisi zimezimwa, mlinzi yuko getini tangu asubuhi, akimweleza kila mgeni kwamba leo hakuna mtu.