Imani ya Kuazima

Mkatekumeni wa Karavia, mjini Lubumbashi, akiulizwa ni nani aliyemjulisha Mungu, mara nyingi hujibu kwamba ni mama yake. Hataji jua wala nyota, ingawa viumbe hivyo vyaweza kuiongoza akili hata imtambue Muumba. Ndipo shaka huingia: ikiwa aliamini kwa kuwa mama aliamini, je, imani hiyo ni yake, au ni nguo ya kuazima?

Wazee wa Katanga walimwita Mungu Leza kabla ya Wabenediktini kufika mwaka 1910, nao jina hilo walilipokea kwa wazazi wao. Hakuna aliyeanza peke yake. Hata maneno ambayo mtu husemea shaka yake aliyapata kwa mama. Kanisa hufundisha kwamba imani ni paji la Mungu. Lakini paji hilo hupitia mikono ya watu.

Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933. Mwanzoni, kama alivyokiri mwenyewe, alifundisha kama bwana mwenye majibu yote, na mafundisho hayakugusa mioyo. Basi akageuza njia, akawauliza watu wanatamani nini. Akaona kwamba wanatamani uzima, uzazi na umoja wa mapendo, na kwamba yeye naye alikuwa akitamani yayo hayo. Kitabu chake juu ya hekima ya Wabantu kilitoka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1945. Miaka michache baadaye, huko Kolwezi, wafanyakazi wa migodi na wake zao walikusanyika pamoja naye, wakajiita Jamaa. Padri aliyekuja kufundisha alisema kwamba amefundishwa.

Kukariri katekisimu, basi, hakutoshi. Wala kusidharauliwe, kwani siku ya msiba mtu hushika maneno aliyo nayo. Wasamaria waliamini kwanza kwa neno la mwanamke aliyekutana na Yesu kisimani. Yesu akakaa kwao siku mbili, nao wakamwambia yule mwanamke kwamba sasa wanaamini kwa kuwa wamesikia wenyewe. Neno lake halikuwa la uongo; bila hilo wasingalitoka mjini.

Yuko pia anayekuja kwa ajili ya harusi tu, kwa kuwa wakwe wanataka mkwe aliyebatizwa. Huyo asifukuzwe. Katekista na amwite kando, baada ya mafundisho, amwulize anatamani nini maishani mwake; naye asijibu kwa maneno ya kitabu.