Hukumtaja kwa Jina
Somo: Yohana 20:11-18

Leo naanza kwa kukiri kosa langu.

Jumatano usiku, mama mmoja wa ushirika wetu alinitumia ujumbe. Mtoto wake amelazwa, anapumua kwa oksijeni. Akaniomba maombi. Mimi nilikuwa nimechoka, na hesabu za kanisa bado hazijaisha. Kwa simu yangu kuna ile programu ya kuongea, unaiambia kitu nayo inakujibu kama mtu. Nikaiambia initungie maombi ya mtoto mgonjwa. Kabla sijameza mate yalikuwa tayari, tena kwa Kiswahili kunishinda. Nikayatuma vile yalivyo, nikarudi kwa hesabu.

Asubuhi akanijibu: "Asante Pasta. Lakini hukumtaja kwa jina."

Wapendwa, nilikaa kitandani na hiyo simu mkononi muda mrefu. Mtoto huyo nilimweka wakfu mimi mwenyewe mbele yenu, kwa mikono hii. Jina lake nalijua. Mashine haikulijua, na mimi sikujisumbua kulitamka.

Mariamu Magdalene alisimama kaburini akilia. Yesu mwenyewe akamwuliza analia nini, na bado akadhani anaongea na mtunza bustani! Sauti ni ile ile aliyoizoea, lakini hakumtambua. Mpaka alipomwita jina lake. Neno moja tu, akageuka.

Nilisomea biashara chuoni, na huko tulifunzwa kuhudumia wateja wengi kwa muda mfupi. Kwa duka ni sawa. Hata hizi programu sizipigi vita. Kuna ndugu zetu wasioona ambao simu ndiyo huwasomea Neno kwa sauti, na tunamshukuru Mungu. Lakini mtu akikupigia akilia, tafadhali usiiachie mashine imjibu. Gugumia tu. Ukikosa maneno, sema jina lake mbele za Mungu, halafu nyamaza naye.

Mchana huo nilienda hospitalini. Sikuwa na mengi ya kusema. Nilishika kamguu kake, nikamwita kwa jina, mama akaanza kulia, tukaomba hivyo hivyo.

Ninapoandika haya bado yuko wodini. Kama utamwombea wiki hii, nitafute mlangoni baada ya ibada nikwambie anaitwa nani.