Maji Machafu ya Nyumba na Haki ya Jirani

Mtu anapoongeza vyumba katika nyumba yake hukutana na jambo ambalo aghalabu hakulitia katika hesabu, nalo ni bomba la choo. Bomba lilikuwa likipita uani, na ua ndio unaojengwa. Basi halina budi kuhamishwa. Fundi husema lipite upande wa pili, na upande wa pili ni ukuta wa jirani, ao kichochoro cha watu, ao ardhi iliyo karibu na kisima. Hapo ndipo huzuka swali: je, mwenye mali hufanya apendavyo katika mali yake?

Katika njia jawabu ni jepesi. Njia iliyo wazi pande mbili ni ya watu wote, wala si halali kuzua ndani yake jambo la kuwadhuru wapitao. Na kichochoro kisichotokea ni haki ya wale wenye milango yao humo. Hapati mtu kutoa bomba wala kuchimba chemba illa kwa ridhaa yao. Anayechimba usiku, ili watu waamke wakute kazi imekwisha, huyo amekwisha kujijibu mwenyewe.

Lililo zito ni ardhi yake mwenyewe. Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, yaani 1277, ameeleza katika Minhaj ya kuwa kila mtu hutumia milki yake kwa kadiri ya ada, na akivuka ada hudhamini alichokiharibu. Na maulama waliomfuata wameipanua nafasi hiyo hata katika shimo la choo: likichimbwa kama ilivyo ada, kisha maji ya kisima cha jirani yakabadilika, mwenye shimo hadhamini. Wenye kujenga huipenda sana kauli hii, na husimama hapo hapo wasiendelee mbele.

Lakini ada ni ya nani, na ya kiasi gani? Shimo lililochimbwa kwa nyumba moja, ambamo kila mtu alitia kopo moja la maji, si shimo lile lile yakiongezwa vyumba vinne vya kupangisha, kila kimoja na choo cha kuvuta, na kila mvuto ukimwaga lita 6 hadi 9. Jina limebaki "choo", na kitu kimegeuka. Ada hupimwa kwa kinachoingia ardhini, haipimwi kwa jina. Zaidi ya hayo, katika miji ya kale ya pwani, kama Mji Mkongwe wa Unguja, nyumba zimesimama juu ya matumbawe, na mwamba huo una matundu na nyufa. Maji machafu hupenya upesi kabla ya kuchujwa kama yanavyochujwa katika mchanga mwembamba.

Wako watakaosema: kisima cha jirani ni zaidi ya qullatayni, nazo ni kiasi cha lita 200, na maji yake hayakubadilika rangi wala tamu wala harufu, basi ni tohara. Naam, ni tohara kwa udhu. Lakini hukumu ya tohara ni jambo moja, na usalama wa mnywaji ni jambo jingine. Mwaka 1854 huko London watu wengi walikufa kwa kipindupindu waliponywa maji ya kisima cha Broad Street. Baadaye ilionekana ya kuwa shimo la nyumba iliyo kando yake lilikuwa likivuja. Na maji yale yalisifiwa kwa tamu yake, hata mjane mmoja aliyehama mtaa ule alikuwa akiletewa nyumbani kwake Hampstead, naye akafa. Ulimi haukumfaa kitu. Basi mwenye kujua haya leo, naye akachimba kando ya kisima cha mwenziwe, hawezi kujificha nyuma ya ada ya watu ambao hawakuyajua. Hadithi ya kukataza madhara ni mashuhuri, na Imam an-Nawawi huyo huyo ameitia katika Arubaini zake.

Yapasa basi mwenye nyumba amwite jirani kabla sakafu haijavunjwa, amwonyeshe bomba litapita wapi na karo litakaa wapi. Ikiwa njia ya salama ni ndefu na yataka mabomba zaidi, khasara ni ya anayejenga, kwa kuwa kodi ya vyumba pia ataipokea yeye. Wala asiridhike na fundi anayelilaza bomba bila ya mteremko, kwani litaziba, na maji yatatafuta njia yao chini ya msingi wa mtu mwingine.

Limebaki jambo dogo ambalo wengi hulipuuza. Chemba ya zamani hufunikwa kwa saruji na chumba kikajengwa juu yake, pasiwe na mfuniko wa kufungulia. Siku ya kuuza nyumba, muuzaji anayejua kilichomo chini ya sakafu ni wajibu wake kukitaja, ajapopungukiwa na thamani. Akinyamaza, mnunuzi ana khiari ya kumrudishia nyumba pindi atakapoligundua, madhali hakukawia.