Jina la Mfungwa ni Amana ya Nani?

Kiuighuri na Kiswahili zimetenganishwa na milima na bahari, lakini zote mbili zilichota neno moja katika kisima cha Kiarabu: shahidi. Wauighuri hutamka shahit, na ndilo neno lililobeba anwani ya hifadhidata ya waathirika wa Xinjiang, iliyoanzishwa na Gene Bunin mwaka 2018. Wakati huo Wauighuri na Wakazaki wengi walikuwa wametiwa katika kambi ambazo serikali ya China iliziita vituo vya mafunzo ya ufundi. Humo kila aliyekamatwa ana ukurasa wake: jina, picha ikipatikana, kazi, nani aliyetoa habari zake na amezijuaje.

Kazi hiyo yaonekana kuwa ya kheri tupu, lakini imebeba swali zito. Mfungwa hawezi kuulizwa kama aridhia kutajwa. Anayemtaja yuko Almaty au Istanbul, ilhali mama na ndugu wamebaki chini ya watawala wale wale. Ziko familia zilizonyamaza kwa miaka, si kwa kutojali, bali kwa kuchelea kuwazidishia adha. Je, nani mwenye haki ya kulitoa jina hadharani?

Tena, dola nayo ina orodha. Ile ya Karakax, iliyovuja mwaka 2020, ilieleza habari za watu 311 na sababu za kufungwa kwao: huyu ndevu, yule shela, mwingine kuomba pasipoti. Orodha zote mbili zina majina. Tofauti ni kwamba daftari la dola humpunguza mtu hata abaki tuhuma, na daftari la shahidi humrudisha kwa watu wake.

Mtazame Rahile Dawut, aliyezunguka miaka mingi katika maziara ya Wauighuri akikusanya ngano na mila. Alitoweka Desemba 2017. Mwaka 2023 ikathibitika kuwa amehukumiwa kifungo cha maisha. Aliyehifadhi kumbukumbu za wenziwe, sasa yeye ndiye wa kuhifadhiwa. Kumnyamazia ni kumsaidia hakimu wake.

Lakini ushahidi una adabu zake. Februari 2019 serikali ya Uturuki ilitangaza kwamba mwanamuziki Abdurehim Heyit amefia kifungoni; siku ya pili yake China ikaonyesha video yake, yu hai. Kosa moja likawa ngao ya mshtakiwa dhidi ya kweli nyingi. Basi shahidi na aseme anachokijua na namna alivyokijua, akubali kusahihishwa, na afiche jina pale ambapo jamaa wa damu, watakaolipa gharama, wamemwomba alifiche. Idhini ya mdhalimu pekee ndiyo asiyoihitaji.

Kiswahili kimewaweka wawili katika neno moja: aliyeona, na aliyeuawa kwa ajili ya haki. Hifadhi hizi zimesimama baina ya maana hizo. Aliyeona husema mapema, ili aliyefungwa asije akawa shahidi kwa maana ya pili.